Sabuni Imeisha, Ghorofa ya Pili

Tuelewane mapema: nchi hii siyo ile unayoifikiria wewe. Ile unayoifikiria ina ziwa, au ina mlima wenye picha kwenye maboksi ya chai. Hii haina kitu, ina serikali tu. Ndiyo maana nasimulia kwa raha zangu. Ukiona humu ndani sura unayoijua, hiyo umekuja nayo mwenyewe kutoka nyumbani.

Nchi iliitwa Shwari, na sheria yake kubwa ilikuwa fupi: jambo ambalo halikuandikwa, halikutokea. Daraja la mto Kibwe lilipoanguka, mwandishi wa kikao alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo halikuanguka. Mpaka leo watu wanavuka kwa kuogelea, na wakifika ng'ambo wanasaini kitabu kwamba wamepita darajani salama.

Mambo yote ya serikali yaliandikwa kwenye programu ya kompyuta iliyoitwa Kumbuka. Unaifungua, unaandika usichotaka kisahaulike, unaifunga, basi. Programu ya kawaida kabisa, hata orodha ya vitu vya sokoni ungeweza kuandikia humo. Ila watu wa Shwari hawakuwa wa kawaida. Kwao kila kumbukumbu, iwe ya vita au ya vitumbua, ilianza na Taadhima.

Taadhima ilikuwa mistari tisini na mitatu. Ilianza, "Kwa unyenyekevu uliotukuka, na kwa ruhusa ya Baba wa Utulivu," ikashuka kwa mawaziri, manaibu, wake za manaibu, wakuu wa mikoa walio hai na wakuu wa mikoa wanaokumbukwa, ikamalizikia kwa dereva wa Baba wa Utulivu, aliyeingizwa mwaka ule alipokwepa shimo. Ikisomwa kwa sauti, kila anayeisikia anasimama wima, mikono mapajani, na hakuna kusogea mpaka iishe. Kuikatisha katikati ni jela miaka minne. Kuifuta ni kumi na minne.

Kumbukumbu ya kwanza kabisa kuingia ndani ya Kumbuka iliandikwa na mhudumu wa usafi wizarani, enzi hizo wakubwa wakiogopa kugusa kompyuta isije ikawashika. Mistari tisini na mitatu ya Taadhima, kisha: "Sabuni imeisha, ghorofa ya pili." Sabuni haikuletwa. Ila mhudumu alipewa cheti cha uandishi bora.

*

Siwema Likwati alikuwa karani daraja la tatu katika Wizara ya Kumbukumbu na Utulivu. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni ya mkutano na kuandika walichosema wakubwa, bila kukigusa kile walichosema kweli. Aliifanya vizuri, mdomo wake kaufunga, kwa sababu baba yake alikuwa mahabusu na huu ulikuwa mwezi wake wa nane humo.

Mwalimu Likwati, mstaafu, miaka sitini na saba, alikuwa amesimamishwa juani na wazee wenzake tangu saa mbili asubuhi kwenye uzinduzi wa bomba la maji ambalo lilikuwa bado halijakutana na maji. Ilipofika saa tisa alasiri, hotuba ikiwa ndiyo kwanza inaingia kwenye utangulizi, alimgeukia jirani yake akauliza, "Hivi hii inaisha saa ngapi?" Jirani alikuwa kazini. Kosa likaandikwa: kuitakia mwisho hotuba ya kitaifa.

Jumatatu moja Kamati ya Huruma ilikaa kujadili mahabusu kumi na tano. Kikao kilipoanza walikuwa kumi na tano. Kufikia ajenda ya tatu ikaja taarifa kwamba wamebaki kumi na wanne, na wajumbe wakapongeza kasi ya kupunguza msongamano. Halafu, labda kwa sababu ya njaa, wakaamua wote waliobaki waachiwe, wakaenda kula. Siwema akaandika majina kumi na manne. La tisa lilikuwa la baba yake, na herufi moja aliibonyeza mara mbili.

Akahifadhi. Akafunga. Kesho yake Waziri akaja kuboresha.

*

Mheshimiwa Kong'oli, Waziri wa Kumbukumbu na Utulivu, alikuwa mtu wa kuzindua. Alishazindua kisima, akazindua kifuniko chake, na baadaye akazindua ukarabati wa kifuniko. Jumanne hiyo alizindua toleo jipya la Kumbuka.

"Ndugu zangu," alisema, "wapo wanaouliza toleo la pili lilikuwa na ubaya gani. Halikuwa na ubaya. Lakini majirani zetu wako la tano. Nikawaita wataalamu, nikawauliza, baada ya mbili inakuja ngapi? Wakaniambia tatu. Nikawaambia, nyinyi ndio mnaoirudisha nchi nyuma. Kwa hiyo leo nawakabidhi toleo la nane."

Makofi.

"Na katika toleo hili," akaendelea, kidole juu, "mwananchi ni wa kwanza na viongozi ni wa mwisho!"

Makofi mazito zaidi. Hakuna aliyeuliza maana yake, kwa sababu ilikuwa kaulimbiu. Kisha Mheshimiwa akakata utepe uliozungushwa kwenye kompyuta, akakata na waya wa kipanya. Saa sita kamili mchana, toleo la nane likaanza kazi.

*

Jumatano asubuhi Siwema alifungua Kumbuka ili aipeleke mahabusu ile kumbukumbu yake. Upande wa kushoto wa skrini, ambapo siku zote palikuwa na orodha ya kumbukumbu elfu arobaini na moja, palikuwa na mstari mmoja.

Akafunga, akafungua. Mstari mmoja. Akazima kompyuta, akawasha. Akaenda chooni kunawa uso, akakuta hakuna sabuni, akarudi. Mmoja.

Akapanda kwa Mkurugenzi Lungwecha, bwana mnene mpole ambaye hakuwahi kusaini kitu ambacho hakijasainiwa na mwenzake kwanza.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Umejaza fomu?"

"Ya tatizo?"

"Siwema." Akavua miwani. "Kitu kimezinduliwa jana. Tatizo kingelitolea wapi, na bado ni kichanga? Kuna fomu ya pongezi pale."

Fomu ya pongezi ilikuwa na viboksi viwili: Nimefurahi, na Nimefurahi Mno. Chini yake nafasi ya maelezo. Siwema akaweka tiki kwenye Mno, akaandika: "Nimefurahi mno kuona kumbukumbu elfu arobaini na moja zimekuwa moja. Ningefurahi zaidi zikirudi."

Lungwecha akaisoma akitikisa kichwa. "Ulianza vizuri. Hapa mwisho umeharibu. Ukifurahi zaidi ya mno, unasema mno haitoshi. Na mno kaipitisha Waziri."

"Baba yangu yumo kwenye zilizopotea."

"Hazijapotea. Neno lenyewe limeondolewa tangu jana." Akavaa miwani, akashusha sauti. "Nenda kwa Mkwinda. Ila mimi sijakutuma."

*

Fundi Mkwinda alikaa chumba cha chini kabisa, kati ya jenereta na bendera za akiba. Alikuwa na nywele za mvi zilizojaa vumbi la kompyuta na imani moja tu maishani.

"Ulizima ukawasha?"

"Mara nne."

"Kwa hasira au kwa upole?"

"Fundi, nakuheshimu."

"Nauliza tu. Mashine zinajua." Akavuta kibodi, akabofya huku na kule. Akasogeza kiti. Halafu akaanza kucheka kile kicheko cha mtu aliyeona nyoka chooni na yeye ndiye aliyekaa.

"Njoo uone. Toleo la nane lina kitu kipya, linaondoa marudio. Likikuta kumbukumbu mbili zinafanana mistari themanini ya mwanzo, linajua kuna mtu kabonyeza mara mbili kwa bahati mbaya. Linabakiza moja, ile ya zamani."

"Lakini zetu zote zinaanza..."

"Ndiyo."

"Mistari tisini na mitatu."

"Ndiyo, dada. Hii programu imetengenezwa na watu wa nje. Waliwafikiria wazembe, waliwafikiria wasahaulifu, hata paka atakayepita juu ya kibodi walimfikiria. Ila haikuwaingia akilini kwamba kuna nchi kama hii."

Siwema akainama kwenye skrini, akashusha mstari kwa mstari, akampita dereva aliyekwepa shimo, akafika mwisho kabisa, kwenye neno pekee lililobaki la dola nzima.

Sabuni imeisha, ghorofa ya pili.

*

Serikali nyingine ingeaibika. Shwari ilikaa kikao. Kwa kuwa kilichozinduliwa hakiharibiki, na kwa kuwa kisichoandikwa hakikutokea, Baraza la Mawaziri liliridhia kwamba tangu kuumbwa kwa nchi kumetokea jambo moja. Walimu wa historia waliagizwa kumaliza mtaala wote Jumatano hiyo hiyo mchana, na walimaliza, wakabakiza na muda wa maswali. Redio ya taifa ilisema kwamba ni mataifa machache yenye historia nyepesi namna hiyo kubebeka. Ikaundwa Tume ya Sabuni, yenye wajumbe ishirini na wawili. Mmoja alipopendekeza sabuni inunuliwe, aliondolewa kikaoni kwa kutaka kubadilisha historia.

Alhamisi asubuhi Siwema alikwenda mahabusu. Afande Chikopa, mkuu wa pale, alikuwa ameketi barazani mbele ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, akila muhogo wa kukaanga.

"Afande, Kamati ilishaamua Jumatatu. Mzee wangu atoke, na wenzake kumi na watatu. Niliandika mwenyewe."

Chikopa akafunua kitambaa, akafungua Kumbuka kwa kidole chenye mafuta. "Mfumo unasema sabuni imeisha."

"Najua."

"Hausemi baba yako atoke. Hausemi hata kwamba aliingia."

"Basi kama hausemi aliingia, kwa nini mnamshikilia?"

Chikopa akatafuna, akameza, akamwonea huruma ya kweli. "Dada yangu, mtu ambaye hakuingia, mimi namtoaje?"

Alimruhusu dakika tano kwenye wavu. Mwalimu Likwati alikuja akiburuta mguu wa kushoto. Ulikuwa umevimba mpaka goti, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta.

"Baba, huo mguu umeuonyesha kwa daktari?"

"Daktari anasema siumwi, sijaandikwa." Akacheka, meno mawili yakakosekana ambayo mwezi uliopita yalikuwepo. "Usivute kamasi hivyo, Siwema, utaniharibia sifa. Humu ndani mimi ndiye mwenye mtoto wizarani."

"Nitakutoa."

"Kesho?"

Mzee akatazama mguu wake kama anayetazama mgeni asiyetaka kuaga. "Yule mwenzetu alianza hivi hivi," alisema, mara hii bila kucheka. "Mguu kwanza."

*

Mkwinda alimngojea mlangoni mwa chumba chake, anatazama huku na kule. Akamvutia ndani.

"Hazijafutika. Ziko kwenye kapu la taka la programu, zote. Linakaa nazo siku tatu, halafu linajimwaga lenyewe."

"Siku tatu tangu lini?"

"Tangu saa sita mchana ya Jumanne."

"Kwa hiyo kesho saa sita."

"Kesho saa sita, nchi inakuwa sabuni moja kwa moja." Akajikuna kichwa, vumbi likaruka. "Ila sikiliza. Nimejaribu kurudisha moja. Ikitoka kapuni tu, programu inaona ile Taadhima, inasema hii ni ya sabuni, inaimeza tena. Nimejaribu mara tisa. Itabaki nje ikianza na maneno mengine."

"Yaani niikate Taadhima."

"Sijasema hivyo. Mimi nina watoto wanne, sijasema kitu." Akachukua kikombe chake. "Kesho saa tatu nakwenda kunywa chai. Mashine yangu huwa naisahau wazi. Na chai yangu nakunywa taratibu."

*

Ijumaa, saa tatu na dakika moja, Siwema alikaa kwenye kiti cha Mkwinda na kufungua kapu. Kumbukumbu elfu arobaini na moja zikapanga foleni, kila moja ikijitambulisha kwa mstari wake wa kwanza: Kwa unyenyekevu uliotukuka. Kwa unyenyekevu uliotukuka. Kwa unyenyekevu uliotukuka. Kisehemu cha kutafuta kilikuwa kimeondolewa kwenye toleo la Shwari kwa maelekezo ya Waziri, kwani anayetafuta anaashiria kuna kilichopotea.

Zilizoandikwa Jumatatu zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Ilibidi azifungue moja moja, ashuke mistari tisini na mitatu, aone cha mwisho, afunge. Akakuta ombi la zahanati la kijiji kimoja, likijibiwa kwa salamu. Akakuta posho ya kikao cha kupunguza posho. Akakuta jina la yule mahabusu wa kumi na tano, Bakari Shomvi, chanzo cha kifo: utulivu. Hapo mkono wake ulisimama kidogo. Kisha ukaendelea, kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa haisimami.

Saa tano na nusu aliipata. Majina kumi na manne, la tisa lina herufi moja imerudiwa.

Akaweka kishale mwanzo wa Taadhima, akashika kitufe, mistari yote tisini na mitatu ikageuka rangi ya buluu. Kubonyeza mara moja tu. Miaka kumi na minne. Mwalimu akitoka leo na yeye akaingia Jumatatu, nani angemkanda mzee mguu?

Hapo ndipo alipomkumbuka Mheshimiwa Kong'oli, kidole juu, mate kwenye kipaza sauti. Mwananchi ni wa kwanza na viongozi ni wa mwisho.

Siwema hakuifuta Taadhima. Aliihamisha. Aliiweka chini kabisa, baada ya jina la kumi na nne, yote tisini na mitatu, hata dereva. Akairudisha kumbukumbu kutoka kapuni. Programu ikasita, ikazunguka, ikawaza. Upande wa kushoto ikatokea mistari miwili.

Saa sita kamili kapu likajimwaga.

*

Alifika mahabusu saa saba kasoro, jasho limemlowesha mgongo. Chikopa alifungua Kumbuka, akakunja uso.

"Hii imeanza na majina. Taadhima iko wapi?"

"Iko chini, afande. Ndilo toleo la nane. Hukusikia hotuba? Mwananchi wa kwanza, viongozi wa mwisho."

"Nilisikia. Nilidhani ni hotuba."

"Unataka niandike kwamba hukuamini?"

Hakutaka. Akasimama, akakohoa, akaita walinzi na mahabusu wote uani, akaanza kusoma kwa sauti ya gwaride. "Wafuatao waachiwe bila masharti." Mlinzi wa lango, aliyezoea Taadhima itangulie ndipo apate dakika kumi za kusinzia akiwa wima, alizinduka na kukuta amri imeshafika. Akafungua. Jina la kwanza likatoka, la pili likatoka. La tisa lilichelewa kwa sababu ya mguu, na la kumi likalishika mkono.

Wa kumi na nne alipovuka lango, Chikopa aliona kitu hakijakaa sawa. Kwa kawaida mtu wa kuachiwa hutoka kwa ridhaa ya viongozi, na hawa wametoka kabla viongozi hawajatajwa. Akafumbua mdomo aseme "Wakamateni." Lakini jicho lake lilikuwa limeshashuka mstari mmoja, na mdomo ukafuata jicho.

"Kwa unyenyekevu uliotukuka..."

Walinzi wote wakakakamaa, mikono mapajani. Lango liko wazi, hakuna wa kulifunga. Barabarani wanaume kumi na wanne walikuwa wanaondoka, wengine mbio, mmoja akichechemea kati ya binti yake na mwenzake, nao walinzi waliwasindikiza kwa macho tu. Chikopa alisoma mistari tisini na mitatu kwa uwanja mtupu, machozi ya hasira yakimtiririka. Alipomtaja dereva aliyekwepa shimo, vumbi lao lilikuwa limeshatua.

*

Jumamosi kikafanyika kikao cha dharura. Mheshimiwa Kong'oli alitwanga meza. "Kaulimbiu inatekelezwa? Nchi gani hii?" Wakaazimia Siwema Likwati akamatwe kwa kosa la kutekeleza kaulimbiu bila idhini, afungwe miaka kumi na minne, na baba yake arudishwe. Mkurugenzi Lungwecha akaiandika amri mwenyewe kwenye Kumbuka. Na kwa kuwa kikao kilikuwa na hasira na mambo ya kubadilisha utaratibu, aliianza kama inavyotakiwa, Taadhima juu, bila kuacha mstari.

Jumatatu asubuhi askari wawili walibisha hodi kwa akina Likwati. Mmoja mtu mzima mwenye cheo, mwenzake kijana. Wamekuja na karatasi iliyochapwa kutoka kwenye Kumbuka, kama sheria inavyotaka. Siwema alisimama mlangoni, ameshavaa viatu vya kwendea. Kanga mbili na dawa ya meno vilikuwa tayari kwenye mfuko.

Askari mkubwa akakunjua karatasi, wote wakasimama wima, akaanza kusoma. Waziri hadi waziri. Naibu hadi naibu. Ndani, Mwalimu Likwati alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, anakunywa uji. Alisikiliza mpaka wake za manaibu. Halafu akauliza kutoka kule kule, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hivi hii inaisha saa ngapi?"

Siwema akafumba macho.

Askari kijana hakusogeza shingo. Akasema kwa pembe ya mdomo, polepole, mkubwa wake asisikie, "Bado sitini na moja, mzee."

Ikaisha hatimaye. Askari mkubwa akapumua, akakaza sauti, akasoma amri yenyewe. Akaisoma tena kimoyomoyo. Akageuza karatasi akatazama nyuma yake, kweupe.

"Imesemaje, afande?" mwenzake akauliza.

"Imesema sabuni imeisha."

Wakatazamana. Amri ni amri, nao hawakuwahi kurudi kituoni na amri ambayo haikutekelezwa. Siwema akaingia ndani, akakata kipande cha mche wa sabuni ya kufulia kwa kisu, akakifunga kwenye gazeti, akawaletea. Askari mkubwa akakipokea kwa mikono miwili. Akaomba wino.

"Saini hapa," alisema Siwema, "na ghorofa uandike ya pili."